Kitabu cha Pikipiki na Matumizi Yake Nyumbani

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Kibiti na Delta ya Rufiji

Kiongozi wa darasa na ahakikishe kwamba kila mtu ana daftari na penseli. Kwa somo la leo tutahitaji pia rula moja. Na kama yuko mwenzetu aliyekuja darasani kwa pikipiki, basi aiegeshe karibu na mlango, maana tutaitumia.

Leo tutazungumza juu ya kitabu kile kidogo kinachotoka kiwandani pamoja na pikipiki mpya. Watu wengi hukitupa kabatini, na wengine hawakupata kukiona hata siku moja. Nataka mfahamu ya kuwa kitabu hicho ni chombo cha kazi, kama spana na bisibisi. Tena mtu ajuaye kusoma tarakimu na herufi chache aweza kuanza kukitumia leo hii, hata kama hajui Kiingereza.

KWA NINI SOMO HILI LATUHUSU

Barabara kuu ya kwenda Lindi na Mtwara yapita Kibiti mjini, na gari hazikosekani. Lakini ukiiacha barabara kuu na kuelekea mashamba ya korosho, au ukishuka kuelekea pwani, utakutana na mchanga, na wakati wa masika utakutana na tope. Huko pikipiki ndiyo gari la mgonjwa, ndiyo gari la gunia la mpunga, na ndiyo gari la mwalimu. Pale Nyamisati, abiria washukao katika vyombo vya kutoka Mafia na visiwa vya Delta huwakuta vijana wa bodaboda wakiwangoja. Katika visiwa vyenyewe, pikipiki huvushwa kwa mashua.

Basi fikirini jambo hili. Pikipiki ikiharibika mjini, fundi yupo hatua chache. Ikiharibika kisiwani, fundi yuko ng'ambo ya mto, na chombo cha kuivusha chasubiri maji yajae. Kama aliyekuwa amepakiwa ni mama mjamzito anayepelekwa zahanati, saa hizo za kungoja haziwezi kurudishwa kwa fedha.

Kisha kuna habari ya mkataba. Vijana wengi huendesha pikipiki isiyo yao. Humpa mwenye chombo hesabu ya kila siku au ya kila juma, na mkataba ukiisha pikipiki huwa mali ya kijana. Pikipiki ikilala siku tatu kwa ubovu, kijana hakupata kitu, lakini hesabu yaendelea kudaiwa. Na injini ikifa kabisa, ndipo ugomvi huanza. Mwenye chombo husema, "Hukubadilisha oili." Kijana husema, "Nilibadilisha." Hakuna mwenye karatasi. Mwisho wa somo hili tutaona jinsi ya kuuzuia ugomvi kama huo.

KITABU CHENYEWE

Vitabu vya pikipiki ni vya namna mbili. Cha kwanza ni kitabu cha mwenye pikipiki. Ni kidogo, na hutolewa pamoja na chombo kinaponunuliwa. Hueleza jinsi ya kuwasha, kukagua, kusafisha, na kubadilisha oili. Cha pili ni kitabu cha fundi. Ni kinene, na hueleza jinsi ya kufungua injini yote na kuirudisha. Kwa kazi za nyumbani, kitabu cha kwanza chatosha.

Ukinunua pikipiki mpya, usiondoke dukani kabla ya kuuliza, "Kitabu chake kiko wapi?" Ni haki yako, kwa kuwa kimo katika mali uliyonunua. Ukinunua iliyotumika, muulize aliyekuuzia. Kama hakipo, viwanda vingi huweka vitabu vyao katika intaneti, na kijana mwenye simu ya kisasa aweza kukutafutia. Lakini hapana budi kitabu kiwe cha pikipiki ya aina yako hasa. Tazama jina la pikipiki na ukubwa wa injini yake, kisha linganisha na jalada la kitabu. Kipimo cha Boxer si lazima kiwe kipimo cha TVS, na kipimo cha injini ya 125 si lazima kiwe cha injini ya 150.

Pengine mtauliza, je, watu wa kawaida waweza kweli kutengeneza mashine kwa kusoma? Sikilizeni habari hii. Mwaka 1965 Mwingereza mmoja, jina lake John Haynes, alikuwa katika jeshi la anga la nchi yake huko Aden, mji ambao wazee wa pwani yetu waliujua kwa safari za majahazi. Alimsaidia mwenzake kuifufua gari ndogo iliyochakaa, akaona ya kuwa kitabu cha kiwanda hakikuandikwa kwa ajili ya mtu wa kawaida. Basi akafanya hivi: walipokuwa wakifungua injini, kila hatua aliipiga picha. Mwaka 1966 akatoa kitabu cha picha hizo na maelezo mepesi. Nakala 3,000 za kwanza zikaisha kwa muda usiotimia miezi mitatu. Baadaye vikafuata vitabu vingi vya magari na pikipiki kwa mtindo huo huo. Basi mtu wa kawaida aweza, ikiwa aonyeshwa hatua moja baada ya nyingine, na ikiwa hafanyi haraka.

Wazee walio darasani wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipokusanyika kando ya redio hali wana kijitabu mkononi. Redio ilisema, na kijitabu kikabaki nyumbani kuwakumbusha. Kitabu cha pikipiki kina faida hiyo hiyo. Fundi akikuambia neno leo, kesho huenda umelisahau. Kitabu hurudia neno lile lile kila ukikifungua.

KULISOMA JEDWALI LA KAZI

Fungueni kitabu, mtafute ukurasa wenye jedwali lenye mistari mingi. Hili ndilo jedwali la matengenezo. Upande wa kushoto yameandikwa majina ya sehemu za pikipiki: oili, plagi, kichujio cha hewa, cheni, breki, na nyinginezo. Juu zimeandikwa tarakimu za kilomita. Ndani ya vyumba vya jedwali mna herufi moja moja.

Katika vitabu vingi, kama vile vya Honda, herufi ni hizi tano. Ziandikeni:

I: kagua.
C: safisha.
R: badilisha, weka kipya.
A: rekebisha.
L: tia mafuta.

Herufi zaweza kutofautiana kidogo kwa kitabu na kitabu, lakini maana yake huandikwa juu au chini ya jedwali. Jihadharini na herufi L. Ikiwa peke yake ndani ya jedwali, maana yake ni tia mafuta. Ikiwa imefuata tarakimu, kama 1 L, maana yake ni lita moja.

Sasa tusome. Weka kidole cha mkono wa kushoto juu ya neno la oili. Weka kidole cha mkono wa kulia juu ya tarakimu za kilomita. Sogeza vidole hata vikutane. Ukikuta R, basi pikipiki yako ikifikia kilomita hizo hapana budi kubadilisha oili. Ukisogeza kidole tena mpaka kwenye mstari wa kichujio cha hewa ukakuta C, wakisafisha. Ni kazi ya vidole viwili na herufi moja.

Majina ya sehemu yakiwa ya Kiingereza, mwombeni mtoto aliye sekondari, au fundi, awaambie kila neno. Kisha ninyi wenyewe andikeni neno la Kiswahili kando yake kwa penseli. Kazi hiyo hufanywa mara moja tu. Baada ya hapo kitabu kimekuwa chenu.

Mara nyingi chini ya jedwali huandikwa pia onyo: pikipiki ikitumika penye vumbi jingi au maji mengi, kazi hizi zifanywe mapema zaidi. Sisi wa Kibiti na Delta ndio hasa tuliokusudiwa na onyo hilo.

VIPIMO VITATU VYA KUFANYA NYUMBANI

Kazi kubwa ya kitabu ni kutupa kipimo. Mtu mmoja hushika cheni na kusema, "Imelegea." Mwingine husema, "Haijalegea." Wote wawili wana macho, na wote wawili wanabisha. Rula huumaliza ubishi huo.

Kipimo cha kwanza ni cheni. Tokeni nje na pikipiki ile tuliyoiegesha. Zimeni injini. Kazi hii haifanywi kamwe injini ikiwaka, maana cheni ikikamata kidole hukikata. Wekeni gia huru. Tafuteni katikati ya upande wa chini wa cheni, baina ya gia ya mbele na gia ya nyuma. Simamisheni rula hapo. Sukumeni cheni juu kwa kidole, kisha ivuteni chini, mkaangalie imetembea milimita ngapi. Linganisheni na kitabu. Tuseme kitabu chasema 20 hadi 30, nanyi mmepata 45. Basi imelegea mno, nayo yaweza kuruka kutoka katika meno na kulifunga gurudumu la nyuma pikipiki ikiwa mwendoni. Mkipata 5, imekaza mno. Mtakapopakia abiria wawili na gunia, itavutwa hata ikatike, au iharibu beringi. Zungusheni gurudumu mkapime mahali pengine pia, kwa sababu cheni iliyochakaa haivutiki sawasawa pande zote.

Kuikaza, legezeni kwanza nati kubwa ya ekseli ya nyuma, kisha zungusheni skrubu za kurekebishia zilizo kushoto na kulia. Kuna alama ndogo zilizochongwa pande zote mbili. Hakikisheni gurudumu liko kwenye alama ile ile kushoto na kulia, la sivyo litakaa upande. Kisha kazeni nati ya ekseli barabara, mkapime tena cheni, na mjaribu breki ya nyuma kabla ya kuondoka.

Kipimo cha pili ni breki. Pikipiki nyingi zenye breki za ngoma zina mshale mdogo kwenye mkono wa breki, karibu na kitovu cha gurudumu, na alama nyingine kwenye sahani ya breki. Kanyageni breki mpaka mwisho, huku mwenzenu akiuangalia mshale. Mshale ukifikia ile alama, viatu vya breki vimekwisha. Si wakati wa kukaza waya tena, ni wakati wa kuvibadilisha. Watu wengi hukaza waya mwaka mzima hata breki ikakataa mbele ya mtoto avukaye njia. Mshale huo hausemi Kiingereza wala Kiswahili, lakini bila kitabu ni wachache wanaojua kwamba upo.

Kipimo cha tatu ni upepo wa matairi. Kitabu huandika tarakimu mbili au nne: za tairi la mbele na la nyuma, za mtu mmoja na za mtu aliyepakia. Andikeni tarakimu zenu kwa rangi kwenye pikipiki, mahali mnapoweza kuziona. Mjazaji wa upepo akiuliza, "Kiasi gani?" msimjibu, "We jaza tu." Mwambieni tarakimu.

MAJI CHUMVI NA MAFURIKO

Watu wa Delta wajua maji chumvi yafanyavyo chuma. Pikipiki iliyovushwa kwa mashua, au iliyopita njia ya tope la mikoko, yafaa ioshwe kwa maji baridi siku ile ile. Isioshwe kwa kuelekeza maji ya nguvu kwenye beringi, wala kwenye plagi, wala mdomoni mwa kichujio cha hewa. Ikikauka, cheni itiwe mafuta. Vitabu vingi hutaja mafuta mazito ya gia. Oili chafu iliyotolewa katika injini haifai kwa cheni, kwa kuwa ina chembe za chuma na uchafu wa moto, nazo husaga badala ya kulainisha.

Tena oili hiyo chafu isimwagwe mtoni wala kwenye mikoko. Kamba na kaa hukulia katika mizizi ya mikoko, na wavuvi wetu huishi kwa hao. Iwekeni katika dumu lenye kifuniko, mkampelekee fundi wa mjini anayezikusanya.

Mwezi wa Aprili mwaka 2024 mafuriko makubwa yaliingia Rufiji na Kibiti, yakafunika mashamba na nyumba. Yakija maji kama hayo na pikipiki ikazama, usiiwashe. Hili ndilo kosa linalomaliza injini nyingi. Maji yakiwa juu ya pistoni hayashindiliki kama hewa shindiliki, na chuma huvunjika. Kwanza tazama oili. Ikiwa nyeupe mfano wa tui, au kama chai ya maziwa, maji yameingia. Hapana budi imwagwe yote, iwekwe mpya, na plagi itolewe ikaushwe. Kisha mwite fundi.

Hapa niseme neno juu ya kijiti cha kupimia oili. Vitabu vya Honda, mathalan, husema injini iwashwe kidogo, izimwe, isubiri dakika mbili au tatu, pikipiki isimame wima, kijiti kifutwe, kisha kitumbukizwe bila kuzungushwa kukifunga. Ukikifunga, kijiti huingia ndani zaidi na kuonyesha oili nyingi kuliko iliyomo. Utafurahi kwamba oili imejaa, kumbe imepungua. Jambo dogo namna hii hulipati kwa kukisia.

KITABU NA FUNDI

Isidhaniwe kwamba kitabu huondoa haja ya fundi. Kitabu chenyewe hukataa jambo hilo. Katika jedwali la Honda, baadhi ya kazi zina alama ya nyota. Nyota moja maana yake: mwachie fundi, isipokuwa kama una vyombo na ujuzi. Nyota mbili maana yake: kwa usalama wako, fanyiwa na fundi tu. Kwa hiyo kitabu hutufundisha mambo mawili, la kufanya na la kuacha.

Tena yafaa kujua ya kuwa mashine ngumu nayo yataka kutunzwa. Mwaka 1976 kampuni ya Honda ilitoa pikipiki iitwayo CG125. Wahandisi wake walikuwa wameona jinsi watu wa nchi zisizo tajiri wanavyopakia mizigo mizito na kuchelewesha matengenezo, wakabuni injini nyepesi kutunza na yenye kustahimili. Viwanda vya China viliufuata mfano huo, na pikipiki nyingi za injini ya namna hiyo zimeingia Tanzania. Uvumilivu wa injini hiyo umewadanganya wengi. Haikatai siku ya kwanza ukiichelewesha oili, wala siku ya kumi. Yachakaa kimya kimya.

Fundi mwema hatachukia ukija na kitabu. Mpe ukurasa wenye vipimo vya valvu na plagi, naye ataseti kwa kipimo cha kiwanda badala ya kukisia kwa sikio.

DAFTARI LA PIKIPIKI

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Chukueni daftari jipya. Ukurasa wa kwanza andikeni namba ya injini na namba ya fremu. Kitabu huonyesha mahali zilipochapwa. Ikiibwa, mtakuwa na namba za kuwapa polisi.

Kurasa zinazofuata pigeni mistari mpate vyumba vinne: tarehe, kilomita, kazi iliyofanywa, na sahihi. Tuseme oili imebadilishwa kilomita zikiwa 14,600, na kitabu chasema ibadilishwe kila kilomita 3,000. Jumlisheni: 14,600 na 3,000 ni 17,600. Andikeni tarakimu hiyo kwa herufi kubwa. Kama chombo chatembea kilomita 120 kwa siku, gawanyeni 3,000 kwa 120, mtapata siku 25. Kwa hiyo kabla mwezi haujaisha, oili imefika wakati wake, nanyi mwaweza kuweka akiba kidogo kila siku kwa ajili yake.

Sasa turudi kwenye ugomvi ule wa mkataba. Kijana na aandike kila kazi siku ile ile, na mwenye chombo atie sahihi kila anapopokea hesabu. Injini ikifa, watafungua daftari na kulilinganisha na jedwali la kitabu. Kama kijana alitimiza, daftari litamtetea. Kama hakutimiza, litamhukumu. Kwa vyovyote haki itaonekana, na watu wawili wa kijiji kimoja hawatapelekana barazani kwa maneno matupu. Mwenye kuendesha akichoka jioni, mkewe au mtoto wake aweza kuandika. Kazi hii haihitaji nguvu za mkono.

MASWALI

1. Herufi C na herufi R katika jedwali zina maana gani?
2. Kwa nini cheni iliyokaza mno ni hatari kama ile iliyolegea?
3. Mshale wa breki ukifikia alama, yafaa kufanya nini?
4. Oili ilibadilishwa kilomita zikiwa 22,450. Kitabu chasema kila kilomita 2,500. Itabadilishwa tena kilomita zikiwa ngapi? Pikipiki ikitembea kilomita 125 kwa siku, ni baada ya siku ngapi?
5. Zungumzeni darasani: katika mkataba, daftari likae kwa nani, kwa mwenye chombo au kwa mwenye kuendesha? Toeni sababu.

Kazi ya nyumbani: kila mtu atafute kitabu cha pikipiki moja ya jirani au ndugu, anakili jedwali lake katika daftari, na aandike Kiswahili cha kila sehemu. Darasa zima likiwa na pikipiki za aina tatu au nne, majedwali matatu au manne yatawatosha wote.

Majibu ya swali la nne ni kilomita 24,950, na siku 20. Aliyepata jibu jingine arudie kujumlisha na kugawanya pamoja na mwenzake.

Kwa herini, mabibi na mabwana. Nawatakia njia njema.